Kinanda Hakijapata Naliendele Yake

Yako maneno ambayo husemwa mara nyingi mpaka yakageuka sheria, ingawa hayakupitishwa na Bunge lo lote. Mojawapo ni hili lisemwalo siku hizi maarusini na katika mikutano ya wazazi, ya kwamba kijana wa Kitanzania ajifunzaye kinanda kwa kutazama masomo ya bure katika simu amekwisha kuuza utamaduni wake. Mara ya mwisho nililisikia Naliendele, mwendo mfupi kutoka Mtwara mjini katika njia iendayo Newala. Na kwa kuwa aliyelisema ni mzee ninayemheshimu, sikumjibu palepale. Namjibu hapa.

Aliyelaumiwa ni kijana mtunza miche. Mchana hushinda katika kitalu cha mikorosho; jioni huketi barazani kwao na kinanda cha umeme alichokinunua kikuukuu, chenye vibonye 61, viwili kati yake vikiwa havilii. Simu huiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga. Katika kioo chake huonekana mikono ya mwalimu aliye ng'ambo, ikitazamwa kutoka juu, na kila kibonye kinapoguswa hung'aa rangi. Kijana hutazama, husimamisha, hujaribu, hurudisha nyuma, hujaribu tena. Mzee alipopita alisimama akatikisa kichwa. "Mwanangu," alisema, "mwacha asili ni mtumwa. Mwalimu alitwambia haya tangu tulipopata Uhuru." Kijana akaitikia, "Ndiyo, babu," akapunguza sauti ya kinanda. Sauti ile iliyopunguzwa ndiyo iliyonitia kalamu mkononi.

Na tuanze na Mwalimu, maana jina lake ndilo silaha kubwa ya wanaolaumu. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Rais Julius Nyerere alilihutubia Bunge, akatangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Ni kweli kwamba katika hotuba hiyo alikitaja kinanda. Alisema kwamba wengi wetu tuliweza kupiga gitaa na piano, kisha akauliza ni wangapi, hasa miongoni mwa wasomi, walioweza kupiga ngoma, au nanga, au zeze, au marimba. Aliuliza pia ni wangapi kati ya wale waliojua rumba na chachacha waliopata kucheza gombe sugu au lele mama, au hata kuzisikia. Swali lile lilikuwa chungu, na lilistahili kuwa chungu, kwa sababu shule za wakoloni zilikwisha kutuaminisha kwamba tulikuja duniani bila wimbo.

Lakini wanaoitaja hotuba hiyo huishia nusu ya njia. Papo hapo Mwalimu alitumia maneno makali zaidi juu ya taifa lo lote linalokataa kujifunza kutoka tamaduni za wengine. Alisema kwamba binadamu wasingepiga hatua kama wangekataa kujifunza wao kwa wao, ila kujifunza huko kusitufanye tukitupe kilicho chetu. Naye mwenyewe alitenda alichokisema. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya mchezo wa Julius Caesar wa Shakespeare, na mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Nijuavyo mimi, hakuna mzee aliyesimama barazani kwake akamwambia apunguze sauti. Aliuchukua mchezo wa Mwingereza akaulazimisha useme Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kikatoka pale kimenyooka mgongo zaidi. Kwa hiyo kijana wa Naliendele anastahili kuulizwa swali moja tu: kinanda chako kinasema lugha gani? Na hata swali hilo, kama nitakavyoonyesha, halimhusu yeye kwanza.

Ama hoja ya ugeni, ya kwamba kinanda ni chombo cha Wazungu na basi, hiyo kusemwa Naliendele ni kichekesho. Mkorosho ni mti wa wapi? Asili yake ni Brazil, na Wareno ndio walioufikisha katika pwani hii katika karne ya kumi na sita. Leo mtu wa Mtwara akisomesha, akijenga au akioa, aghalabu ni korosho iliyomlipia. Hakuna anayemwambia kwamba ameuza utamaduni wake kwa Wabrazili. Lakini uraia huo mkorosho haukuupata kwa kukaa tu. Wazee wanakumbuka zao lilivyoanguka: msimu wa 1973/74 nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000, na mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Bei zilikuwa mbaya, watu walikuwa wamehamishiwa vijijini wakayaacha mashamba nyuma, na juu ya yote ulikuja ugonjwa wa ubwiriunga, ukafunika maua kama majivu. Ndipo kazi ya kituo cha utafiti cha Naliendele ilipoonekana. Watafiti waliuchunguza ugonjwa, wakajua salfa inyunyizwe lini, wakachagua miti iliyo bora, wakatoa aina mpya, wakawafundisha wakulima kubebesha: kikonyo cha mti uliojaribiwa hufungwa juu ya mche ulioota kwa mbegu, mpaka viwili vishikane viwe mti mmoja. Mti wa Brazil ulifanywa wa Mtwara kwa kazi, kitaluni, kwa fedha ya umma na kwa subira ya miaka mingi.

Kinanda nacho kimekwisha kukaa nchini muda wa kutosha. Makanisa ya misheni yalikuja na vile vya kukanyaga kwa miguu, na nyimbo za sauti nne zikaenea kwa do-re-mi hata katika vijiji ambavyo havijapata kukiona kinanda chenyewe. Wimbo wetu wa Taifa unatumia sauti aliyoitunga mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya huko Afrika Kusini, aliyelelewa katika nyimbo za kanisa la misheni. Nasi tukisimama kuuimba hatuulizi zile sauti nne zilipanda meli gani. Taarabu ya Unguja na ya Bara imekwisha kukiingiza kinanda cha umeme katika kila arusi ya mwambao, Mikindani ikiwamo. Ukaazi basi kinao. Kitalu ndicho kisichokuwapo. Kinanda hakijapata Naliendele yake.

Sasa niyatazame masomo yenyewe ya simu, kwani hapo ndipo ilipo lawama ya haki, ambayo walaumu wetu hawaioni.

Wema wake nautaja bila kusita. Somo la Muziki linatahiniwa katika kidato cha nne, lakini shule zinazolifundisha ni chache mno. Zamani mtoto wa kusini aliyetamani kinanda alihitaji baba mchungaji, au padri anayempenda, au ada ya kwenda mbali. Leo yuko mwalimu asiyechoka, anayerudia jambo mara mia bila kukunja uso. Walimu wengine huko ng'ambo, kama Joseph Hoffman wa Marekani anayefundisha watoto, wameyapanga masomo yao kwa mamia, la kwanza mpaka la mwisho, wakayaachia watu bure. Sioni sababu ya kuidharau sadaka ya namna hiyo. (Neno "bure" lenyewe lina mashaka yake: picha zinazotembea hula kifurushi upesi kuliko mchwa alavyo mbao, na kijana wetu hulazimika kuchagua kati ya somo na kumpigia simu mama yake.)

Lakini simu huonyesha tu, haisikii. Nilikaa karibu na kijana yule jioni nzima. Alikuwa akipanda kutoka do ya chini hadi do ya juu, sauti nane kwa vidole vitano, na kila alipofika ya tatu au ya nne vidole vilimwishia akaruka kama mtu anayevuka mfereji. Jambo lililomkosa ni dogo: gumba lipitishwe chini ya kidole cha tatu, nao mkono uendelee bila kukatika. Yule mwalimu wa ng'ambo alilisema, kwa Kiingereza cha haraka, kisha akaendelea mbele akitabasamu. Na mwanafunzi wake akaendelea kuruka. Nami nisiyejua kinanda ila kwa kusikia, niliyajua hayo kwa sababu mwongoza kwaya mmoja alipata kunionyesha kwa kunishika kiganja. Kuna maarifa yanayohitaji kushikwa kiganja.

Zile rangi zinazong'aa ni tatizo jingine. Humfanya mwanafunzi apige wimbo mgumu baada ya juma moja, akawafurahisha jirani, kumbe yuko kama karani anayenakili barua ya lugha asiyoijua: kila herufi ipo mahali pake, na maana hana. Ukiifunga simu, wimbo nao umefungwa.

Hata hivyo makosa hayo mawili ni ya kila nchi. Mtoto wa London naye simu haimsikii. La kwetu sisi ni la tatu, nalo ni zito kuliko hayo.

Masomo yale yalipangwa na watu wanaomjua mwanafunzi wao, na mwanafunzi huyo si wetu. Wimbo wa kwanza wanaompa anayeanza mara nyingi ni "Hot Cross Buns", wimbo wa mikate inayoliwa na Waingereza wakati wa Pasaka. Ni wimbo mzuri kwa kazi yake: una sauti tatu tu, nao mtoto wa Kiingereza anaujua kabla hajakiona kinanda, kwa hiyo sikio lake humsahihisha kidole kinapokosea. Hiyo ndiyo siri ya somo la kwanza, yaani kuanza na kilichomo sikioni. Kijana wa Naliendele wimbo huo hana. Anaujua mchezo wa Ukuti, anazijua kasida alizozisikia zikipigiwa dufu tangu utotoni, anazijua nyimbo za unyago zilizovuka ukuta wa makuti usiku. Hakuna hata mmoja kati ya hizo unaomngojea katika somo la kwanza. Tunamlaumu kwa kuacha wimbo wake, na hali hatukumwekea wimbo huo mahali anapofundishwa.

Tena masomo yale huanza na majina ya Kiingereza ya sauti, na mistari mitano. Kijana wetu huimba besi katika kwaya ya jirani zake. Do-re-mi anazisoma kama asomavyo gazeti. Nusu ya kazi anayoihangaikia miezi mitatu imo kichwani mwake tayari, na mwalimu wa ng'ambo hawezi kulijua hilo. Mwalimu wa Kiswahili angelijua siku ya kwanza.

Lililonistaajabisha zaidi ni hili la mapigo. Katika mafundisho ya kinanda ya Ulaya, kupiga matatu kwa mkono mmoja wakati mkono wa pili unapiga mawili katika muda uleule huhesabiwa kuwa jambo la waliokwisha kukomaa, nalo huwekwa mbali. Lakini katika ngoma nyingi za kusini hilo ndilo tandiko lenyewe: mpigaji mmoja hushika mawili, mwenziwe matatu, na mtoto wa miaka sita hulicheza kwa nyonga bila kujua kwamba ni gumu. Nilimwomba kijana apige magoti yake hivyo. Alifanya mara moja, akacheka. Kisha nikamwambia atie katika kinanda, mkono wa kushoto mawili, wa kulia matatu. Baada ya dakika chache kinanda kile kibovu kilikuwa kinazungumza, na watoto wawili waliokuwa wakipita na ndoo wakazitua chini wakaanza kucheza. Mtaala wa kinanda ulioandikwa Mtwara ungeanza pale ambapo wa Ulaya unachelewa kufika.

Liko pia suala la sauti zenyewe, nalo nitalieleza polepole kwa kuwa wanafunzi wangu wasomaji huenda hawakufundishwa. Kinanda kimegawa safari ya kutoka do hadi do katika hatua 12 zilizo sawa. Mgawanyo huo ni mapatano ya watu. Si sheria ya maumbile. Ukiuliza uzi au filimbi milio yake ya asili, utaukuta mlio wa saba ukiangukia chini ya kibonye kilicho karibu nao kwa kiasi cha theluthi moja ya hatua. Wagogo wa Dodoma wameijenga milio ya namna hiyo katika nyimbo zao. Ndiyo maana ilimba ya marehemu Hukwe Zawose, msanii wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 2003, haiwezi kuhamishiwa katika kinanda bila kupoteza ladha. Kijana wa Naliendele aliligundua jambo hilo mwenyewe. Alijaribu kuutafuta wimbo ambao bibi yake huimba akibangua korosho, akaupata wote isipokuwa sauti moja. Alipiga kibonye cheupe, akakunja uso. Akapiga cheusi, akakunja tena. Akaniuliza kama bibi anakosea. Nilimwambia bibi hakosei. Chombo hakina sauti hiyo.

Fikirini, walimu wenzangu, kama asingekuwapo mtu wa kumjibu. Kijana angeamini kinanda akamsahihisha bibi yake. Huo ndio utumwa wa kweli ambao mzee wangu angepaswa kuuogopa, na hauzuiliki kwa kukemea, kwa sababu humwingia mtu akiwa peke yake usiku na simu yake.

Wenzetu waliwahi kukutana na tatizo hilihili wakalishughulikia kiutu uzima. Mwaka 1932 uliitishwa Cairo mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, ambao hata Béla Bartók wa Hungaria aliuhudhuria. Humo walibishana kama piano ikubaliwe, kwani muziki wao una sauti zinazokaa katikati ya vibonye. Wengine waliikataa; wengine walileta vinanda vilivyoundwa upya, vyenye robo za sauti. Hawakuafikiana, lakini ugomvi wao ulikuwa juu ya chombo na sauti. Miaka mingi baadaye viwanda vya vinanda vya umeme vilianza kuwauzia Waarabu vinanda vyenye vitufe vya kushusha sauti kwa robo, kwa kuwa wateja walijua wanachokitaka na walikuwa na lugha ya kukitaja. Na sisi, ambao taarabu yetu ilichota Misri, tumechota nyimbo tukaacha ubishi. Sisi tunamgombeza kijana barazani.

Nitasema sasa la kwetu, watumishi wa Serikali. Miaka mingi nimeandika taarifa juu ya ngoma: idadi ya vikundi, idadi ya wachezaji, mahitaji ya sare. Mafaili hayo yamejaa, nayo hayamfundishi mtu kupiga ngoma hata moja. Tumewapigisha wazee ngoma kiwanjani kila alipokuja mgeni, tukawapa soda, tukawarudisha kwa gari la mizigo. Ukizitafuta ngoma zetu katika simu utaziona, tena kwa wingi, lakini karibu zote nilizoziona mimi ni maonyesho: vumbi, vigelegele, kiongozi anatunza. Nimetafuta mtu anayekaa chini akasema kwa Kiswahili, "Mkono wa kushoto ukae hivi, sasa tazama," akionyesha zeze, au dimbila, ile marimba ya magogo ya Wamakonde, nimechoka kutafuta. Kijana hawezi kulaumiwa kwa kuketi katika darasa pekee lililo wazi.

Wako pia wanaokwenda upande wa pili, wasemao kwamba mwalimu wa muziki hana kazi tena, simu imetosha, fedha ziende kwingine. Hao ni wa hatari zaidi, maana hoja yao hupendwa na wanaopanga bajeti. Mkulima hupewa kipeperushi cha kubebesha, lakini Naliendele haikufungwa kwa sababu vipeperushi vimechapwa. Yupo bwana shamba anayekuja kuutazama mche wako.

Ninachokidai si kigumu. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni ya Bagamoyo wanayo mikono inayojua. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha muziki. Shirika la Utangazaji limerithi kanda za Radio Tanzania, zenye ngoma za pande zote za nchi. Wakae pamoja watengeneze masomo ya kinanda ya Kiswahili, yanayoanzia do-re-mi ya kwaya na mapigo ya ngoma, na sambamba nayo masomo ya zeze, marimba na ilimba yaliyopangwa kwa utaratibu uleule, la kwanza mpaka la mwisho. Yawekwe bure palepale ambapo vijana wamekwisha kuketi. Na pale ambapo kinanda hakina sauti ya bibi, somo liseme hivyo waziwazi, lionyeshe chombo kilicho nayo.

Shule zisingoje. Simu haziruhusiwi kwa wanafunzi shuleni, nami sitetei zivunjwe taratibu. Lakini mwalimu anayo ya kwake, na likizo zipo. Mwalimu wa sekondari ye yote wa Mtwara anaweza, Jumamosi moja, kwenda na wanafunzi wawili kwa mpiga ngoma, wakamwamkia, wakamwomba afundishe badala ya kutumbuiza, wakalipia muda wake kama wamlipavyo fundi. Mkono upigwe picha kutoka juu, polepole, mara tatu, na jina la mwenyewe litajwe ikiwa ameridhia. Kijana wa kitalu nimekwisha kumpa kazi ya kumrekodi bibi yake, naye bibi ameweka sharti kwamba korosho zibanguliwe kwanza. Kila somo lisizidi dakika kumi, kwa sababu ya vifurushi.